Gunia la Pili

"Mtu mzima akianguka akafa, nyinyi polisi mnakwenda kumhoji nani? Sakafu?"

Jirani mmoja aliwahi kumwuliza Inspekta hivyo, wanawake wawili wakianika nguo, kila mmoja upande wake wa ukuta, na alilicheka swali lake mwenyewe mpaka akaangusha vibanio. Inspekta hakumjibu. Asubuhi hii, akiwa amesimama katika chumba cha baridi cha hospitali mbele ya meza ya chuma, angeweza kumjibu: ndiyo, sakafu, na kila kilichokuwa juu yake.

Aliyelala mezani alikuwa mzee aliyejulikana na kila mtu kwa jina la Winchi. Alikuwa nyapara wa wapakiaji kwenye ghala la nafaka mpaka alipostaafu. Jina hilo alipewa enzi zake, alipokuwa akinyanyua gunia kutoka chini mpaka begani bila kusaidiwa na mtu. Jana mchana alikwenda ghalani kupiga soga kama ilivyokuwa desturi yake. Alasiri alikutwa amelala chali nyuma ya lundo la magunia, miguu haisikii. Jua lilipotua alikuwa ameshakata roho, Mungu amrehemu.

"Watoto wake wanasema amesukumwa," Inspekta alisema. "Kuna mpakiaji mmoja, kijana, wanamwita Nondo. Ghala zima lilimwona akimsukuma mzee mpaka akakaa kitako."

"Alikaa juu ya nini?" daktari aliuliza.

"Magunia matupu. Kisha akainuka, akamtukana kijana, akaenda kwenye pipa akanywa maji."

Daktari alikuwa mwanamke mnene, miwani yake ikining'inia kifuani kama mkufu. Aliivaa. "Basi huyo kijana wako simwoni humu. Sogea."

Alionyesha kwa kalamu bila kugusa.

"Mtu akianguka kitako, pingili za mgongo zinashindiliwa kutoka juu. Zinasagika upande wa mbele, kama kiberiti kilichokaliwa. Huyu anazo mbili za namna hiyo, hapa chini. Lakini ni za zamani, zimeshajiponea zenyewe. Labda aliinua ndoo. Labda alipiga chafya."

"Chafya?"

"Usishangae. Mfupa wa mzee kwa nje ni ule ule, ndani umebaki matundu kama sifongo kavu. Wengi wanavunjika hawajui. Wanasema tu mgongo unauma, wanapakwa dawa ya kuchua, basi. Umeiona suruali yake?"

Suruali ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Pindo lake lilikuwa limepandishwa mara tatu, na kila mkunjo ulishonwa kwa uzi wa rangi yake.

"Hakununua suruali kubwa," daktari alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anapungua."

"Kilichomwua?"

"Hiki hapa, juu zaidi, katikati ya mgongo. Hiki hakikushindiliwa. Kilifunguliwa." Daktari alishika kalamu kwa mikono miwili, akaikunja kidogo. "Alikunjwa kinyumenyume. Kijana ukimkunja hivyo anapinda kama kamba, anarudi. Huyu pingili zake zilishashikana kwa uzee, zikawa kitu kimoja. Alikatika kama chaki. Mfupa ukachana mshipa, damu ikajaa kifuani polepole."

"Inahitaji nguvu kiasi gani?"

"Kidogo. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Hata mimi ningeweza, na goti langu hili bovu."

Inspekta aliinama kutazama alama. Ndani ya kila kiwiko damu ilikuwa imevilia, mkanda mpana wa zambarau. Na katikati ya mgongo, palepale palipovunjika, kulikuwa na alama moja ya mviringo, ukubwa wa ngumi.

"Ngumi?"

"Ngumi inaacha vifundo. Hii ni ya kitu butu kilichokandamiza. Hakikupiga."

"Na kijana mwenye afya, angefanyiwa hivyo hivyo?"

"Angesema asante, mgongo umefunguka. Mgongo una umri mbaya mara mbili, afande. Utotoni, kabla mfupa haujakomaa, na uzeeni, ukishachoka. Hapo katikati ndipo watu wanapojiona hawavunjiki."

"Mtoto anavunjika vipi?"

"Mtoto anapinda. Mtwishe mzigo wa mtu mzima kabla hajamaliza kukua, kingo za pingili zinasagika, naye anaendelea kukua juu ya ubovu ule ule. Anapinda maisha." Daktari alivuta shuka. "Lakini huyu si mtoto."

*

Inspekta alipofika na koplo wake, kwenye lango la ghala walikuwa watatu. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya watu mia, na macho yake yalikuwa makavu. Wadogo zake wawili wa kiume walikaa kwenye benchi la mlinzi. Mmoja alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti.

"Hicho nini?" Inspekta aliuliza.

"Bomba la maji, afande. Nyumbani linavuja."

"Pole. Mpe koplo akutunzie, lisije likapata kutu."

Kijana alimtazama dada yake. Dada yake aliinua kidevu kidogo tu, na bomba likatolewa. Koplo alilishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa samaki.

"Yule kijana mmemfungia humo ofisini," binti alisema. "Mnampa na chai."

"Tumemfungia ili asitoke mikononi mwangu akaingia mikononi mwenu."

"Sisi hatuombi kingine, mama. Mfungueni atoke kwa mlango huu. Anasema alimkalisha tu baba. Basi na sisi tutamkalisha."

"Wewe ulimwona baba yako kabla hajafa?"

"Nilimkuta hospitali. Nilimshika miguu, nikamwuliza unasikia, akasema nimeshika nini. Nilikuwa nimemshika kidole gumba kwa nguvu zangu zote. Mtu aliyekuwa akitubeba watoto wanne kwa mpigo. Nitamsamehe nani?"

"Alisema nani kamfanyia?"

"Alisema mgongo. Mgongo, mgongo. Basi."

"Nipe mpaka saa ya kufunga ghala."

"Na asipopatikana mwingine?"

"Nipe mpaka saa hiyo."

Binti alikaa kwenye benchi katikati ya wadogo zake, akaweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri maji yachemke.

*

Ofisi ya ghala ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kioo lililotazama ndani, ili mwenye mali aweze kuwaona watu wake wakifanya kazi. Nondo alikuwa amekaa chini ya dirisha, asionekane. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko kikombe alichopewa.

"Simulia tena."

"Alinishika mkono, mama. Nikautoa. Akakaa."

"Alikushika kwa nini?"

"Alitaka kitu. Nikamnyima."

"Kitu gani?"

Nondo alitazama ndani ya kikombe.

"Nje kuna watu watatu wanaotaka kukuvunja mgongo," Inspekta alisema. "Mimi ndiye mlango uliobaki. Ukinificha, nafungua naondoka."

"Nikisema nafukuzwa kazi."

"Bora kufukuzwa. Lete kulabu yako."

Kila mpakiaji alikuwa na kulabu ya kuvutia magunia, chuma kilichopinda chenye mpini wa mbao. Ya Nondo ilining'inia mkandani. Inspekta alipima mpini kwa ngumi yake mwenyewe. Ulikuwa mwembamba, usingeacha alama ile. Isitoshe kichwa chake kilikuwa na msumari uliochomoza, nao ungechana ngozi. Aliirudisha. Mzee alikuwa amekunjwa juu ya kitu butu, na kitu hicho huenda kilikuwa mwili wa mtu.

"Vua shati. Koplo, simama naye mgongo kwa mgongo."

Koplo na marehemu walikuwa kimo kimoja. Inspekta aliwazunguka. Nondo alikuwa mrefu, mgongo wake bapa kama ubao wa kupigia pasi. Hakuna kilichochomoza popote. "Keti," alisema.

Nje kengele ya mapumziko ililia. Inspekta alisogea dirishani. Wapakiaji waliweka magunia chini, wakanyoosha viuno, na wachache wakazunguka nyuma ya lori, wakidhani hawaonekani. Wawili walisimama wakapeana mgongo. Mmoja alipitisha mikono yake kwenye viwiko vya mwenzake, akaibana, akainama mbele. Yule wa nyuma alinyanyuka, miguu ikaning'inia hewani, kifua kikafunguka kuelekea bati la paa. Akatoa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo. Wakabadilishana.

Inspekta aliwatazama mpaka walipomaliza. Aligusa ndani ya kiwiko chake cha kushoto, kisha cha kulia.

"Ile pale inaitwaje?"

Nondo alishusha pumzi. "Mizani. Kupiga mizani."

"Inakatazwa?"

"Tajiri amepiga marufuku. Ukishikwa, kazi huna. Lakini umeshinda chini ya magunia tangu asubuhi, mama, mgongo umeshindiliwa, unataka mtu akufungue. Ukipigwa mizani unasikia vinalia kaa kaa kaa, unakuwa mpya."

"Hicho ndicho mzee alichotaka kwako."

"Kila akija anataka. Hakuna anayekubali. Anasema eti wakati wake alikuwa anapiga mizani watu wawili kwa pamoja. Jana akanishikilia mimi. Nikamwambia babu, umri wako umepita. Hapo nikawa nimemtukana. Akasema mgongo wangu ni wa uji, kazi yangu kusukuma toroli kama yaya. Watu wakacheka. Akanishika mkono, akanipa mgongo kwa lazima. Ndipo nikamsukuma."

"Kwa nini ulimkatalia?"

"Mzee hapigwi mizani hapa. Zamani alipigwa mzee mmoja, sikuwapo mimi. Alipiga ukelele mara moja, hakutembea tena mpaka anazikwa. Kila anayeanza kazi anahadithiwa habari hiyo siku ya kwanza, aogope."

"Anahadithiwa na nani?"

"Na Upinde. Mshona magunia. Alikuwapo."

"Upinde ni mzee?"

"Mtu mzima tu, hajawa mzee. Ila mgongo wake ndio hivyo." Nondo aliinama, akaweka ngumi yake nyuma, katikati ya mabega. "Ana nundu."

Inspekta aliitazama ile ngumi juu ya mgongo wa kijana.

"Koplo," alisema, "nenda kamwite binti wa marehemu. Peke yake. Mwambie aje asikie kwa masikio yake, wasije wakasema tumehongwa."

*

Upinde alifanya kazi pembeni, kwenye kona iliyokuwa na mwanga wa bati la plastiki. Magunia yaliyojaa yalisimama mbele yake vinywa wazi, naye aliyashona moja baada ya jingine kwa shazia, ile sindano ndefu ya chuma. Alikuwa amepinda kiasi kwamba alipokaa, uso wake ulitazama magoti. Nundu yake ilichomoza chini ya shati, ngumu, ya mviringo, nyeupe kwa vumbi la unga kama kila kitu mle ndani. Lakini mikono ilikuwa ya mtu mwenye nguvu.

"Karibuni," alisema bila kuinua kichwa. "Viti ni hivyo hivyo magunia."

Inspekta alikaa. Binti alikataa kukaa.

"Jana mchana ulikuwa hapa?" Inspekta aliuliza.

"Niende wapi?"

"Baada ya ugomvi, mzee Winchi alikwenda wapi?"

"Alikunywa maji. Akapita hapa, anabwata. Vijana wa siku hizi, vijana wa siku hizi. Akaenda zake."

"Nyuma ya lundo lile?"

"Pengine."

"Lundo lile liko hatua chache kutoka kiti chako. Alipoanguka hukusikia?"

"Magunia yanaanguka hapa kutwa."

Shazia iliingia, ikatoka. Inspekta aliuangalia mkono uliokuwa ukiivuta.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayewahadithia vijana habari za yule mzee aliyepigwa mizani zamani."

"Wajiepushe."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Nilimwona. Alikatika kama kijiti, wala hawakumpiga kwa nguvu. Kumbe mtu akizeeka anakauka. Kwa nje bado mtu, kwa ndani kuni."

"Kwa hiyo hapa ndani, wewe ndiye uliyejua zaidi ya wote."

Upinde alikata uzi kwa meno.

"Simama kidogo, baba," Inspekta alisema. "Simama na koplo wangu, mgongo kwa mgongo. Koplo ni kimo cha marehemu, na sweta lake ni la bluu."

"Sweta la nini?"

"Simama tu."

Upinde aliinuka taratibu. Koplo alimpa mgongo. Waligusana kwa muda wa kupumua mara moja, kisha Inspekta akamwambia koplo ageuke. Katikati ya sweta la bluu, chini ya mabega, unga ulikuwa umechora duara moja jeupe, ukubwa wa ngumi.

"Mwili wa marehemu una alama kama hii," Inspekta alisema, "mahali hapa hapa, kwenye mfupa uliovunjika. Na ndani ya viwiko alama za mikono iliyombana. Migongo ya wapakiaji wote humu ni bapa. Nundu iko moja."

Binti wa marehemu alivuta pumzi kupitia puani. Hakusogea.

Upinde alilitazama lile duara kwa pembeni, jinsi shingo yake ilivyomruhusu. Kisha akarudi kukaa, akachukua shazia, akaiweka chini tena.

"Usisumbuke zaidi, mama. Ni mimi."

"Alikuomba?"

"Aliniomba. Alikuja hapa amevimba kwa hasira, akasema hata wewe kilema una moyo kuliko wale. Nikamwambia twende nyuma ya lundo, nitakufungua. Alifurahi kama mtoto. Akanipa mgongo mwenyewe."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua atavunjika. Sikutaka afe. Nilitaka akae." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza kazi. "Nilitaka na yeye aamke asubuhi atazame magoti yake. Amwombe mtu amvalishe viatu. Atembee njiani watoto wamfuate nyuma. Kufa kumemharakishia mambo."

"Wewe muuaji," binti alisema. Hakupaza sauti. "Baba yangu alikupa kazi. Alikuokota ukiwa hufai kitu, akakupa hicho kiti. Nyumbani tunajua."

"Mnajua?" Upinde aliinua uso kadiri alivyoweza. "Mgongo huu mnajua ulitoka wapi?"

"Ulianguka kutoka kwenye lori."

"Hivyo ndivyo nilivyoambiwa niseme, ili nipewe kiti."

Inspekta alimzuia binti kwa mkono. "Ulikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa mgonjwa, nikadanganya umri nipate kibarua. Baba yake huyu ndiye aliyekuwa nyapara. Alijua nadanganya, kila mtu alijua, sauti ilikuwa bado ya kitoto. Siku moja nikaangusha gunia, likapasuka. Akaita watu waje watazame. Akanitwika gunia mgongoni, akasema tembea. Nikatembea. Akasema kumbe anaweza huyu, leteni la pili. Wakaliweka juu ya la kwanza. Sikusikia kitu kikivunjika, mama. Nilisikia kama kiti kinavyolia ukikikalia. Nilipoinuliwa nilidhani nimesimama wima, kumbe nimeishia hapa."

"Hukwenda polisi?"

"Kusema nini? Kwamba nilidanganya umri? Alinipa shazia, akanipa kiti, akasema ni hisani. Nikasema asante."

"Ukabaki miaka yote hiyo."

"Nilitaka anione kila siku. Na mimi nimwone. Alikuwa kama ukuta, ningemfanya nini? Ningempiga angecheka. Basi nikamwacha azeeke. Nilimtazama akipungua. Suruali zilianza kumburuza, akapandisha pindo. Mwaka mwingine akapandisha tena. Wengine walisema mzee siku hizi mtanashati. Mimi nilisema, mfupa unakauka."

"Na yule kijana? Ungemwacha auawe kwa ajili yako?"

Mahali Upinde alipokuwa akitazama palikuwa na gunia ambalo hajalimaliza.

"Wangemgusa ningesema," alijibu.

"Wangemgusa ungekuwa umechelewa. Wana bomba la chuma hapo nje. Kijana huyo jana alimhurumia mzee mgongo wake, na ndiye uliyemwacha akae chini ya dirisha kama panya."

Inspekta alimgeukia koplo. "Mfungue Nondo. Mpitishe mlango wa nyuma mpaka kwao."

"Apite tu mlango wa mbele," binti alisema. "Hakuna atakayemgusa. Waambie wadogo zangu mimi ndiye niliyesema."

Koplo alimtazama Inspekta, Inspekta akaitikia, koplo akaenda. Walimsikia akifungua ofisi. Baada ya muda hatua nzito za Nondo zilipita mbali, kando ya magunia, zikiongeza mwendo kadiri zilivyokaribia lango. Hapakusikika kelele yoyote.

"Nitakupeleka kituoni," Inspekta alimwambia Upinde. "Utayasema haya tena, yataandikwa. Utasema na la mgongo wako, nalo litaandikwa."

"Nitasema." Alipangusa unga kwenye viganja. "Sijuti, mama. Nisikudanganye mtu wa Mungu. Kuna kimoja tu kinaniuma."

"Kipi?"

"Nilipomnyanyua, kabla sijainama mpaka mwisho, nilimwuliza. Nilimwambia, mzee, gunia la pili unalikumbuka? Nilitaka ajue. Akacheka. Akasema nyanyua bwana, acha porojo. Hakukumbuka. Mimi nimelala nalo, nimeamka nalo, na yeye hata halimo kichwani mwake. Nimelipiza kwa mtu asiyejua analipizwa nini."

Nje mtu alikuwa akifagia nafaka zilizomwagika.

"Alikumbuka," binti alisema.

Upinde aligeuza shingo.

"Alikumbuka vizuri sana." Binti alikuja mbele mpaka miguu yake ikawa mahali ambapo Upinde angeweza kuiona. "Alikuwa akituhadithia. Jioni tukishakula, tunamwambia baba, tusimulie habari ya mtoto wa magunia mawili. Mimi sikujua ni wewe. Hakutaja mtu. Alikuwa anainuka, anajipinda, anazunguka chumba kizima anagonga meza na ukuta, eti anatafuta mbingu imekwenda wapi. Mama anacheka mpaka anashika mlango. Sisi tunalia kwa kucheka."

Inspekta alisema, "Basi, binti."

"Ngoja. Nilipokua kidogo, yeye akaacha kuigiza, akasema mimi ndiye ninayeweza. Wageni wakija naitwa: njoo uwaonyeshe mtoto wa magunia mawili. Naweka mto hapa." Aligusa nyuma ya shingo yake. "Natembea. Wananipigia makofi. Jana ulipomwuliza akacheka, alikuwa amekumbuka. Ndicho kilichomchekesha."

Mikono ya Upinde ilikuwa imeshika mdomo wa gunia ambalo halijashonwa. Iliukunja, ikaukunjua. Uso wake, ambao tangu utotoni ulikuwa ukitazama chini, ulijaribu kupanda, mishipa ya shingo ikasimama, ukafika kwenye kiuno cha binti, ukafika kwenye mikono yake ya mpishi, na hapo ukakwama.

"Umeniambia hayo ya nini?" aliuliza.

Binti alipangusa unga uliokuwa umemshika kwenye gauni, akageuka, akapita katikati ya magunia yaliyosimama vinywa wazi, akatoka.